Matangi Yaliyovuliwa Neti

Masuguru, Korogwe
19 Januari 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua hii nimempa Hosiana wa mitumba, kwa sababu yeye ndiye anayefika magulio ya huko kwenu, na kwa sababu simu yako, kama ulivyosema mwenyewe, inasikia kuliko wewe. Sisi hatujambo. Miguu ya Baba bado imevimba, lakini jana alijikongoja hadi uani bila kunishika, akajisifu kama mtu aliyepanda Usambara kwa magoti. Anauliza kama mbaazi zimekubali mwaka huu. Mwanao Deo hajambo. Amenenepa kidogo, usimwambie nimesema.

Shangazi, nina swali ambalo ni lako tangu ulipokuwa unashika chaki. Nalileta kwako kwa sababu hapa sina wa kumuuliza.

Nilikueleza kwamba kituo chetu kiko kwenye uwanja wa zamani wa kuanikia katani, na kwamba maji ya bahari yanaletwa na lori kutoka Tanga. Ndani ya maji hayo tunalea diatomu, vile vimea vya bahari visivyoonekana kwa jicho, ambavyo vikiwa vingi maji yanakuwa na rangi ya chai ya rangi. Mbegu yake inakuzwa kwanza ndani ya chumba, kwenye chupa, chini ya taa. Kisha Deo anaimwaga kwenye matangi ya nje na kuyafunika kwa neti nyeusi za kivuli. Yeye anakoroga na kufunika, mimi nachapa takwimu ofisini. Kampuni inataka kuwaonyesha wafadhili kwamba matangi yetu yananasa hewa ya ukaa kutoka angani. Wafadhili wanakuja Machi.

Sasa meneja wetu, Bwana Ernesti, anataka neti zote ziondolewe. Jumatano alituita uwanjani.

"Jua ndilo tunalouza hapa," alisema. "Hivi kweli mtu anafunika bidhaa yake?"

Deo akajibu, unamjua mdomo wake: "Bosi, hata mbuzi wa kijijini kwetu Kwaluguru ikifika saa sita anatafuta kivuli."

"Kumbe nina mshauri mbuzi na sijui!"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, Shangazi, kwa sababu meneja alikuwa ananitazama. Deo hakucheka. Alisema tena kwamba mbegu imetoka kwenye taa, haijazoea. Akaambiwa kazi yake ni kukoroga.

Agizo la kuondoa neti nimepewa mimi nilichape. Nimesema mashine imeishiwa wino. Uongo huo hautadumu. Tafadhali niambie: ni kweli kwamba mwanga ukizidi, diatomu hunasa ukaa zaidi? Kama si kweli, niandikie kwa maneno ambayo karani anaweza kumwekea meneja mezani bila kuonekana anamfundisha. Fanya upesi.

Wako mtiifu,
Rhoda


Kwaluguru, Handeni
26 Januari 2025

Mwanangu Rhoda,

Marahaba. Mwambie kaka yangu Bernardo mbaazi zimekubali, ila nyani nao wamezikubali. Mimi ni mzima. Juzi simu iliita, nikadhani ni nyenje, nikaipiga na ufagio.

Swali lako ni zuri. Na meneja wako nusu ya jambo analijua, na hiyo nusu ndiyo ya kuogopa.

Babu yako, baba yetu, aliletwa huku kukata mkonge, kisha akapandishwa kulisha korona, mashine ya kuchakata mkonge. Ile mashine inakula majani upande mmoja na kutoa nyuzi upande wa pili. Troli zikileta majani machache, mashine inakaa bure. Ukiongeza majani, nyuzi zinaongezeka. Lakini inafika mahali mashine imejaa. Hapo ulete majani ya shamba zima, nyuzi haziongezeki. Na mtu akilazimisha, visu vinavunjika.

Diatomu ndivyo alivyo. Mwanga ndio majani, na ukaa anaoufunga kuwa chakula ndio nyuzi. Mwanga ukiwa hafifu, kila unapouongeza anafunga ukaa zaidi. Kisha anajaa. Baada ya hapo mwanga wa ziada haumsaidii, na ukiendelea kumpiga unaharibu kile kiungo chake cha kupokelea mwanga. Saa sita mchana utakuta anafunga ukaa kidogo kuliko saa nne asubuhi, ingawa jua ni kali zaidi. Akipata kivuli anajitengeneza. Akikosa, anachakaa haraka kuliko anavyoweza kujitengeneza, anapauka, anakufa.

Baharini hapati shida sana, maana mawimbi yanampandisha na kumshusha, na ana rangi za akiba za kuutupa mwanga uliozidi ukatoka kama joto. Lakini huo ni ujuzi wa mazoea. Aliyelelewa chini ya taa amejijaza rangi ya kunasa kila chembe ya mwanga. Ukimtoa ghafla kwenye jua la Februari, ni sawa na kumkazia macho mtu aliyetoka gizani. Deo yuko sawa, ingawa mfano wake ni wa mbuzi. Neti zipunguzwe kidogo kidogo, na adhuhuri zisiondolewe kabisa.

Karatasi ya pili nimekuandikia kirasmi. Mwekee mezani.

Ni mimi shangazi yako,
Getruda

9 Februari. Barua bado ninayo. Hosiana amefiwa na mama mkwe, yuko Kabuku kwenye msiba. Nasikia kesho kutwa ataondoka. Nisamehe.


Masuguru, Korogwe
17 Februari 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tumepokea salamu zako, na Baba amecheka sana habari ya nyani. Anaendelea vizuri. Hosiana alinifikishia barua jana, nami nakushukuru kwa maelezo.

Neti zilikuwa zimeshaondolewa. Wino ulinunuliwa siku ileile niliyokuandikia.

Mwanzoni meneja alifurahi. Asubuhi ya kwanza kipimo cha oksijeni, ambayo diatomu huitoa wanapofunga ukaa, kilipanda, akapita ofisini akigonga meza zetu moja moja. Mchana kilishuka, akasema kipimo kimechoka. Siku zilizofuata maji yalianza kupauka. Rangi ya chai ikawa ya maji ya mchele, kisha povu likatanda juu na harufu ya samaki waliooza ikafika hadi barabarani. Meneja akaamuru matangi yafunguliwe na maji yote yamwagwe, na uwanja uoshwe. Hakuna aliyechukua hata kikombe cha kupima.

Nina swali jingine, la elimu tu. Mtu mmoja akisema diatomu wameuawa na sumu, na mwingine akasema ni jua, na maji yenyewe hayapo tena, kuna njia yoyote ya kuonyesha ukweli? Chupa chache za mbegu zimebaki chumbani.

Nakuombea afya njema.

Wako mtiifu,
Rhoda


Kwaluguru, Handeni
24 Februari 2025

Mwanangu Rhoda,

Marahaba. Huku jua limeshika, tunachota maji mbali. Nimeteguka goti kidogo kisimani. Jirani yangu Maryamu ananisaidia. Si jambo.

Njia ipo, na haihitaji maabara. Tafuta chupa za kioo cheupe zinazolingana. Zijaze maji yenye mbegu kutoka chombo kimoja, ili asitokee wa kusema zilikuwa tofauti tangu awali. Kisha chukua chandarua kikuukuu. Chupa moja iache wazi. Nyingine izungushie chandarua mara moja, nyingine mara mbili, nyingine mara nne, nyingine mara nane. Ya mwisho ifunge kabisa kwa nailoni nyeusi. Zote zilaze ndani ya karai moja la maji, na maji hayo uwe unayabadilisha, ili mtu asije akakwambia ni joto. Ziweke juani. Pima oksijeni asubuhi, adhuhuri na jioni. Rudia siku kadhaa. Ndani ya nailoni oksijeni itapungua, kwa kuwa nao wanapumua. Katikati utaona itakapopanda zaidi. Ile iliyo wazi nayo itakueleza habari yake.

Haitathibitisha kilichotokea tangini. Itathibitisha kwamba jua peke yake linatosha kufanya kile mlichokiona. Mbele ya mtu mwenye akili, hiyo si haba.

Deo hakunisalimu katika barua yako. Amekasirika na mimi?

Ni mimi,
Shangazi Getruda


Masuguru, Korogwe
15 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole sana na goti. Natumaini limepona. Baba anakusalimu. Nimelifanya jaribio lako hapa nyumbani, nyuma ya jiko. Baba alisogeza kiti chake akakaa analitazama karai.

"Hii pombe gani unapika, Rhoda?"

"Si pombe, Baba. Ni diatomu."

"Na zile za kwenye chandarua zinaogopa mbu?"

Hata hivyo alinilindia chupa dhidi ya kuku wa jirani siku zote nilipokuwa kazini, na jioni alinisomea kipimo cha adhuhuri kwa sauti kama mtangazaji wa redio. Kipimo nilikitoa ofisini kwa kumwambia mtunza stoo kwamba kinahitaji kusafishwa.

Imekuwa kama ulivyosema. Kwenye nailoni oksijeni ilishuka. Chandarua mara nane, ilipanda kidogo. Mara nne ilipanda zaidi, na mara mbili ndiyo iliyopita zote. Ya mara moja ilianza vizuri ikachoka mchana. Ile iliyo wazi ilitangulia asubuhi ya kwanza, mchana ikarudi nyuma, na kila siku iliyofuata ilianza chini ya ilipoanzia jana. Sasa imepauka. Nilipoiweka kando ya ile ya mara mbili, Baba aliacha mzaha. Alisema, "Hii ni maiti na hii ni mtu."

Chupa ninazo chini ya kitanda, zimefungwa vizuri.

Deo hajakasirika na wewe hata kidogo. Hawezi kuandika kwa sasa. Anakula, analala.

Wako mtiifu,
Rhoda


Kwaluguru, Handeni
22 Machi 2025

Rhoda,

Marahaba.

Mtu akiulizwa habari za binamu yake akajibu "anakula, analala," basi anamzungumzia mgonjwa au mfungwa. Ni kipi?

Sikuulizi la darasani safari hii.

Getruda


Masuguru, Korogwe
30 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila mara nimeanza na miguu ya Baba. Sasa naacha.

Deo yuko mahabusu. Alikamatwa yale maji yalipokufa. Anashitakiwa kwa kumwaga sumu matangini kwa makusudi, kwa kuwa alibishana na meneja mbele ya watu. Alinikataza kukuambia. Nilimwona mara moja kabla ya kesi kutajwa, na haya nayaandika kama alivyoyasema.

Maji yalipoanza kupauka, Deo alimwomba meneja arudishe neti. Hakusikilizwa. Aliniomba mimi nikamwambie, kwa kuwa mimi ninaingia ofisini kwake. Sikuenda. Siku mbili hivi baadaye, asubuhi na mapema, Deo alikwenda peke yake kwenye tangi la mwisho na bakuli la unga wa mtama uliokorogwa kwa maji. Akafanya tambiko, Shangazi. Alisema marehemu baba yake, Mzee Mdoe, alikuwa akifanya hivyo kwenye chemchemi ya Kwaluguru ikitaka kukauka. Unamwaga unga, unawaita wazee kwa majina, unawaomba maji yasiwakatae watoto. Hakuwa na jingine la kufanya, kwa hiyo akafanya hilo.

Meneja alimkuta ameshika bakuli, na weupe wa unga uko kwenye ukingo wa tangi.

"Umemwaga nini humo?"

Deo akaliweka bakuli chini.

"Umemwaga, hukumwaga?"

"Nimemwaga."

Hakusema zaidi, na mpaka leo hajasema zaidi, kwa polisi wala kwa hakimu. Nilipomsihi aeleze ni unga tu, alicheka kidogo, kisha akasema: "Rhoda, mama amefundisha sayansi miaka yote hiyo. Watoto waliokwenda na baba yangu chemchemini, aliwacheka mbele ya darasa zima, na mimi nilikuwa nimekaa benchi la mbele. Leo isomwe mahakamani kwamba mwanawe ametambikia maji ya chumvi ya kampuni? Akisikia atanipa sifuri." Nikamwambia sifuri ni afadhali kuliko jela. Akasema, "Wewe hukuwa benchi la mbele."

Meneja ametuita wafanyakazi wote. Amesema atakayekwenda kumwona Deo atahesabiwa kuwa mwenzake. Mimi alinibakiza baada ya wengine kutoka. Akaniambia kwa upole, "Wewe ni msomi, Rhoda, na mzee wako anategemea dawa. Wafadhili wakija niwaambie jua limeua? Na jua ndilo tunalowauzia." Anataka nieleze, nikiitwa, kwamba nilimwona Deo akitoka tangini na bakuli. Hilo ni kweli, nilimwona dirishani. Ila hataki nitaje neti. Nilirudi mezani kwangu nikaendelea kuchapa.

Kesi inasikilizwa tarehe 10 Aprili. Ninaogopa, Shangazi. Naogopa kila mlango wa ofisi unapofunguliwa. Niambie la kufanya.

Rhoda


Kwaluguru, Handeni
8 Aprili 2025

Mwanangu,

Barua yako imenifikia leo. Mvua zimekata barabara na Hosiana alilala njiani. Hii namkabidhi Awadhi wa pikipiki, amekubali kupita kwenye matope, na hataondoka mlangoni kwako mpaka aione mkononi mwako.

Ningekuja mwenyewe, sasa hivi, hata kwa kutambaa. Sikukuambia kweli kuhusu goti. Si goti, ni nyonga, na tangu Februari sijasimama. Nalala sebuleni, Maryamu amefunga Ramadhani nzima huku akinipikia na kunigeuza. Nilinyamaza ili Deo asiache kazi akaja kuniuguza. Tazama sasa kila mmoja wetu alivyomficha mwenzake.

Sikiliza. Kabla ya kesi kuanza, mfikie Deo. Usingoje akiwa kizimbani, mfikie kabla. Mwambie hivi, neno kwa neno: Mama anajua habari ya unga. Mama haoni aibu. Mama alikosa kwa kuwacheka wale watoto, na alijua amekosa siku ileile, maana baba yako hakula chakula cha jioni. Mwambie aseme kweli yote, unga na neti, kwa sauti. Mwambie amepata alama zote.

Kisha wewe peleka chupa zako. Huhitaji ujasiri wa simba. Eleza ulichokiona tu: siku neti zilipoondolewa, siku maji yalipopauka, kwamba kupauka kulitangulia bakuli. Hapo ndipo penye kesi yote. Unga hauwezi kuua kitu kilichokwisha kuanza kufa.

Fanya hivyo, mwanangu. Sina mtu mwingine huko.

Mama yako kwa upande wa baba,
Getruda


Masuguru, Korogwe
13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi

Shangazi,

Shikamoo.

Awadhi alifika jioni ileile, amejaa tope mpaka kwenye nyusi. Kwa hiyo siwezi kusema barua ilichelewa.

Tarehe tisa nilikuwa na ruhusa ya kutoka saa nane mchana. Nilivaa vizuri, nikafika mpaka kwenye geti la mahabusu. Dereva wa meneja alikuwa ameegesha gari ng'ambo, ananunua machungwa. Pengine hakuwa ananifuata. Pengine alikuwa ananunua machungwa tu. Nilipita lile geti kama mtu anayekwenda kwingine, nikazunguka sokoni, nikarudi nyumbani. Nilijiambia nitamwambia Deo kesho yake mahakamani, kabla hajaitwa.

Kesho yake walimwingiza moja kwa moja. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, kikapu cha chupa nimekipakata. Alinitafuta kwa macho, akanikonyeza kama tulivyokuwa tukifanya kanisani tukiwa watoto. Hakimu akasoma shitaka, akamuuliza ni kweli au si kweli. Deo akasema, "Ni kweli." Hakimu akamuuliza tena, taratibu, kama anaelewa anachokikubali. Akasema anaelewa. Maelezo yakasomwa, na ndani yake unga haukuwamo, ilikuwa "kitu cheupe chenye sumu." Akayakubali hayo nayo.

Aliyekiri hahitaji mashahidi. Hakuna aliyeita jina langu. Ningeweza kusimama. Watu huwa wanasimama, nimewahi kuona, polisi akawaambia wakae lakini hakimu anakuwa ameshasikia. Nilikaa. Kioo cha chupa kilikuwa kinagongana ndani ya kikapu kila nilipojisogeza kwenye benchi, na mama mmoja akanigeukia akaniambia, "Dada, maziwa yako yatamwagika."

Amefungwa miaka miwili.

Ujumbe wako sijampa. Aliondoka mahakamani bado akiamini hujui.

Kuna jambo jingine, bora ulisikie kwangu. Neti zimerudishwa. Meneja ameagiza mbegu mpya kutoka pwani, na agizo la kufunika matangi kuanzia saa nne asubuhi nililichapa mimi. Ziara ya wafadhili iliahirishwa. Sasa wanakuja baada ya Pasaka, na watayakuta maji yamekoza vizuri.

Sijui nimalizie vipi.

Rhoda


Kwaluguru, Handeni
4 Mei 2025

Rhoda,

Nimekaa na barua yako Pasaka yote. Maryamu alinipa uji nikaurudisha, akanipa tena.

Sitakugombeza. Nilikugombeza kichwani siku nyingi, na sasa nimechoka. Baba yako ni mgonjwa na wewe ni mtoto wa watu wadogo. Mimi nilikuwa na mshahara wa serikali, na bado nilimwogopa mkuu wa shule.

Nimesimama. Natembea kwa mkongojo, kutoka kitandani hadi kwenye mbaazi. Mwanasheria wa msaada wa kisheria kutoka Korogwe alikuja Handeni mjini, Awadhi akanipeleka. Nilimwomba aandike kila anachosema, kwa sababu ya masikio. Aliandika kwamba mtu aliyekiri amejifungia karibu milango yote. Mmoja unaweza kufunguka, lakini si kwa maneno ya mama. Anatakiwa mtu aliyekuwepo, ale kiapo kwamba neti ziliondolewa kwa amri, kwamba maji yalipauka kabla ya bakuli, na kwamba ndani ya bakuli mlikuwa na unga. Wanaoyajua yote matatu ni Deo na wewe. Wengine wanafanya kazi ya meneja na hawana damu yetu.

Nitakuja Korogwe Jumatatu, tarehe 19 Mei. Nitashuka stendi asubuhi na kukungoja upande wa wauza nyanya, tuende pamoja kwa mwanasheria, kisha tumwone Deo. Mchana kuna gari la kurudi. Usiponiona ujue nimekwama njiani, nami nisipokuona nitajua.

Njoo, mwanangu.

Getruda


Masuguru, Korogwe
20 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Baba alilala vizuri.

Jana nilikuwepo. Nilitoka nyumbani kabla ya wewe kufika, nimevaa gauni la kazini, nimemwambia Baba ninakokwenda, naye akanishika kichwa akanibariki. Nilisimama ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha mshona viatu, nikijiambia nitakuona kwanza kisha nitavuka.

Nilikuona. Ulisaidiwa kushuka na kijana mmoja wa stendi. Umekonda sana. Hukuwa umeniambia kwamba mguu mmoja sasa ni mfupi. Ulisimama penye nyanya ukamuuliza muuzaji kitu, akakujibu, ukaweka kiganja sikioni, akakujibu tena kwa kelele mpaka watu wakageuka. Nadhani ulimuuliza kama ameona msichana anayefanana nami. Alikutafutia ndoo, akaipindua, ukakaa.

Mshona viatu aliniuliza, "Dada, unangoja nani?" Nikasema simngoji mtu.

Jua lilipanda. Ulifungua kitenge ukajifunika kichwa. Magari ya kampuni hayakupita hata moja, Shangazi. Ningependa kukuambia yalipita. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Barabara ilikuwa tupu mara nyingi, hata mtoto angevuka.

Ulipoitwa kwenye gari la kurudi ulikataa kwanza, ukawaonyesha kwa mkono wasubiri. Wakasubiri. Kisha konda akakushika kwapa, akakupandisha.

Gari lako lilipopinda njia ya Handeni, ndipo nilipovuka.

Rhoda